Ukiona Vyaelea: Jumba la Harewood na Hesabu ya Visiwa

Wahenga wetu, ambao maisha yao yote yalikuwa baina ya ufuo na bahari, walituachia neno la hekima: ukiona vyaelea, vimeundwa. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya majahazi na mitepe, lakini linafaa vile vile kwa majumba ya nchi kavu. Leo tunapenda kulitumia kulipima jumba moja la Uingereza ambalo limesimama kwa zaidi ya miaka 250, ambalo binti wa mfalme aliishi na kufariki ndani ya viunga vyake, na ambalo fedha za msingi wake zilitoka katika kisiwa kisichofika nusu ya Pemba kwa ukubwa.

Jumba hilo linaitwa Harewood. Liko katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, maili zipatazo nane kutoka mji wa Leeds. Mgeni anayefika huliona limekaa juu ya mwinuko, kuta zake za mawe, mbele yake malisho ya kijani yanateremka hadi kwenye ziwa. Ndani yake mna dari zilizochongwa nakshi za lipu, samani za thamani kubwa, na picha za wachoraji wa Italia wa zama za kale. Kila chumba kina habari zake, na kwa muda mrefu habari hizo zilisimuliwa kwa majina ya wenye jumba na mafundi wao. Hatuna ugomvi na masimulizi hayo, kwani ni ya kweli. Tunachosema ni kwamba yalikuwa na upungufu, na upungufu huo ndio uliotufanya tushike kalamu.

Ukoo wenye jumba hilo unaitwa Lascelles. Mtu aliyeuinua hata ukawa na uwezo wa kujenga kasri ni Henry Lascelles, aliyezaliwa mwaka 1690. Kijana huyo alikwenda Barbados, kisiwa cha bahari ya Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza, na mwaka 1715 akashika kazi ya kukusanya ushuru wa forodha katika bandari ya Bridgetown. Tunawaomba watumishi wa serikali waisome sehemu hii kwa makini. Henry alikuwa mtoza ushuru, na papo hapo alikuwa mfanyabiashara wa bidhaa zilizotakiwa kulipiwa ushuru huo huo. Aliuza sukari, alikopesha wenye mashamba, alipata mikataba ya kulisha jeshi la majini, na aliweka fedha zake katika merikebu za watumwa. Kazi ya forodha alipoiacha, aliirithi ndugu yake Edward. Baadaye wote wawili walishitakiwa kwa wakubwa wao mjini London kwamba mapato ya serikali yalikuwa yakichotwa, lakini shauri hilo halikuuzuia utajiri wao kukua. Mwenye kisu kirefu ndiye aliyekula nyama.

Kati ya mwaka 1736 na 1744 Henry na wenzake waliendesha biashara ya kuhuzunisha zaidi. Waliweka merikebu zilizotia nanga katika pwani ya Guinea, mbele ya Anomabu katika nchi ambayo leo ni Ghana, zikawa ghala linaloelea. Watu walionunuliwa bara walifungiwa humo kungojea vyombo vya kuwavusha kwenda Marekani na visiwa vya Karibi. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa maana ya binadamu kusongamanishwa chini ya sitaha. Bahari yetu nayo iliona mambo hayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1730, Henry akiwa amekwisha kurudi Uingereza, alinunua mashamba ya Gawthorpe na Harewood huko Yorkshire. Alifariki mwaka 1753, akamwachia mali hiyo mwanawe Edwin, aliyezaliwa Barbados mwaka 1713 na kusomeshwa Uingereza. Edwin aliona kwamba nyumba ya zamani ya Gawthorpe haikulingana na hadhi yake mpya. Mwaka 1759 msingi wa jumba jipya ulianza kujengwa, na mwaka 1771 akahamia. Nyumba ya zamani ikabomolewa. Karibu na mahali ilipokuwa, kijito kilizibwa kikatanuka kuwa ziwa lile analolitazama mgeni hivi leo.

Edwin hakubania katika kuchagua mafundi. Ramani ya jumba aliifanya John Carr wa mji wa York. Vyumba vya ndani vilipambwa na Robert Adam, mbunifu aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wengi wa wakati wake. Viunga vilipangwa na Lancelot Brown, bingwa wa bustani ambaye kazi yake ilikuwa kuifanya ardhi iliyochimbwa na kusawazishwa kwa mikono ya watu ionekane kana kwamba Mungu aliiumba hivyo hivyo. Samani zilitengenezwa na Thomas Chippendale, seremala mashuhuri aliyezaliwa Otley, mji ulio karibu na hapo. Harewood ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizopata kufanya maishani. Kabati moja aliloleta mwaka 1773, lililotiwa nakshi za miungu wa kike wa Kirumi kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali, liliandikiwa gharama ya pauni 86.

Wakati seremala huyo akipiga randa, mali ya ukoo huko Karibi ilikuwa ikiongezeka kwa njia ya rehani. Wenye mashamba waliokopa kwa Lascelles walishindwa kulipa, na baina ya mwaka 1773 na 1787 mashamba yao yakamwangukia Edwin pamoja na watu waliotumikishwa ndani yake. Hata ilipofika mwaka 1787, ukoo ulikuwa na zaidi ya ekari 27,000 katika Barbados, Jamaika, Grenada na Tobago. Edwin alipewa cheo cha ulodi mwaka 1790, akafariki mwaka 1795 bila ya kuacha mtoto. Mali ikaenda kwa binamu yake, Edward Lascelles, naye pia mzaliwa wa Barbados, ambaye mwaka 1812 alipewa ulodi wa daraja ya juu zaidi, akawa Earl wa kwanza wa Harewood.

Zama hizo ndizo zilizoipa Harewood sifa ya sanaa. Mtoto mkubwa wa Earl huyo, aliyeitwa pia Edward, alikuwa mkusanyaji wa vyombo vya kauri vya Kifaransa na mpenzi wa wachoraji. Mwaka 1797 alimwalika kijana mmoja aitwaye J. M. W. Turner, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Uingereza, akalichora jumba na viunga vyake kwa rangi za maji. Edward hakuwahi kurithi. Alifariki mwaka 1814, baba yake akiwa hai.

Ndugu yake Henry alikuwa mtu wa siasa, na habari zake zinastahili kukumbukwa. Mwaka 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, ulifanyika uchaguzi mkubwa katika Yorkshire. Viti vilikuwa viwili na wagombea watatu: William Wilberforce, kiongozi wa wapinzani wa biashara hiyo, Lord Milton, kijana wa ukoo mwingine tajiri, na Henry Lascelles wa Harewood. Wapinzani wa Henry hawakuacha kuwakumbusha wapiga kura mahali ulikotoka utajiri wake. Wilberforce alipata kura 11,806, Milton 11,177, na Lascelles 10,989. Alishindwa kwa kura 188. Wakulima na mafundi wa Yorkshire, ambao wengi wao hawakupata kumwona mtu wa Barbados, walikuwa wameanza kulitazama jumba lile na kuuliza limejengwa kwa nini.

Kushindwa huko hakukumfilisi. Henry alirithi na kuwa Earl wa pili mwaka 1820, na aliendelea kuwa mwenye mashamba ya sukari hadi utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza tarehe 1 Agosti 1834. Hapo ndipo ilipotokea hesabu ambayo kila mwananchi wa visiwani anapaswa kuijua. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwa fidia. Fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Earl wa pili wa Harewood alipokea pauni 26,309 kwa ajili ya watu 1,277, yaani kiasi cha pauni 20 kwa kila roho. Watu 1,277 wenyewe hawakupata hata senti, na sheria ikawalazimisha wengi wao kuendelea kufanya kazi kwa mabwana wale wale, kwa jina la uanagenzi, hadi mwaka 1838. Mkopo uliochukuliwa na serikali kwa ajili ya fidia hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Hivyo mlipa kodi wa Uingereza wa juzi, pengine mjukuu wa watumwa aliyehamia Leeds kutafuta riziki, alikuwa akichangia deni la kuwafidia waliommiliki babu yake.

Mtindo huo haukuishia Karibi. Mwaka 1897, Unguja na Pemba zikiwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani Hamud bin Muhammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa. Amri hiyo nayo iliweka fidia kwa mmiliki aliyeweza kuthibitisha kwamba alimiliki kwa halali. Aliyechuma karafuu kwa nguvu alipewa ruhusa ya kuondoka, akaondoka mikono mitupu. Ndiyo maana tunasema kwamba Harewood, ingawa iko mbali, si habari ya ugenini kwetu. Kalamu iliyoandika hesabu ile iliandika na yetu.

Turudi Yorkshire. Katika miaka ya 1840 Earl wa tatu na mkewe, Lady Louisa, walimwita Charles Barry, mbunifu wa majengo ya Bunge ya London, akaondoa baraza ya nguzo za mbele ya kusini, akaongeza ghorofa na kutengeneza bustani kubwa iliyopangwa kwa vitalu. Jumba likapata sura lililo nayo sasa.

Mwaka 1922 mrithi wa ukoo, aliyekuja kuwa Earl wa sita, alimwoa Mary, binti pekee wa Mfalme George wa Tano. Bwana huyo alikuwa na picha nyingi za wachoraji wa kale wa Italia, alizozinunua kwa urithi wa mjomba wa baba yake, Lodi Clanricarde. Clanricarde naye alikuwa mwenye ardhi katika Ireland, akiishi London na kupokea kodi kutoka kwa wakulima aliowafukuza makwao waliposhindwa kulipa. Tazama basi jinsi mambo yanavyokwenda: samani kutoka kisiwa kimoja, picha kutoka kisiwa kingine.

Binti Mfalme Mary aliishi Harewood tangu mwaka 1930 hadi alipofariki mwaka 1965 akiwa matembezini katika viunga vya jumba. Katika vita vyote viwili vya dunia nyumba hiyo ilikuwa hospitali ya kuuguzia askari waliojeruhiwa. Historia ina kejeli zake: bibi huyo wa Harewood ndiye aliyetumwa kumwakilisha Malkia katika sherehe za uhuru wa Trinidad na Tobago mwaka 1962, na za Zambia mwaka 1964. Ukoo uliopata kumiliki ekari katika Tobago ulisimama jukwaani kushuhudia bendera ikiteremshwa.

Mumewe alipofariki mwaka 1947, kodi ya urithi ilikuwa kubwa hata ikabidi sehemu kubwa ya ardhi iuzwe. Mwana wao George, Earl wa saba, alikuwa ameponea chupuchupu katika vita. Alitekwa Italia mwaka 1944, akafungwa katika ngome ya Colditz, na mwaka 1945 Hitler alitia saini amri ya kuuawa kwake, amri ambayo mkuu wa kambi hakuitekeleza. Aliporudi alijitolea kwa muziki wa opera, akawa mkurugenzi wa jumba la opera la taifa la Kiingereza. Kwa upande wa jumba lake, alilifungulia umma milango mwaka 1950, na mwaka 1986 likawekwa chini ya wakfu wa hisani kwa manufaa ya wananchi. Lakini picha ya Titian, iliyokuwa johari ya mkusanyo wa baba yake, iliuzwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikaingia katika jumba la picha la taifa mjini London. Shamba la mwisho la ukoo katika Barbados liliuzwa katika miaka hiyo hiyo ya 1970, baada ya kisiwa hicho kupata uhuru wake mwaka 1966.

George alifariki mwaka 2011, akarithiwa na mwanawe David, mtengenezaji wa filamu, ambaye ni Earl wa nane. Ni katika zama za David ndipo Harewood ilipoanza kusoma kitabu chake hadi ukurasa wa mwisho. Makaratasi ya biashara ya Karibi yaliyosalimika yalipelekwa katika hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha York, ili kila mtafiti ayaone. Mwaka 2007, Waingereza walipoadhimisha miaka 200 ya sheria ya 1807, viunga vya Harewood vilifanyiwa onyesho kubwa la muziki la Geraldine Connor, mwanamuziki wa asili ya Trinidad, na wachezaji wengi walikuwa watoto wa wahamiaji wa Karibi walioko Leeds. Baadaye jumba likaanza kutundika picha za watu ambao kuta zake hazikuwahi kuwajua: Arthur France, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis na mwasisi wa kanivali ya Leeds iliyoanza mwaka 1967, na David Harewood, mwigizaji maarufu, ambaye wazee wake wa Barbados walikuwa watumwa wa ukoo huo, na ambaye jina la jumba amelibeba kama alama ya umiliki huo. Mwaka 2023 Earl huyo alijiunga na wenzake wa koo nyingine kuanzisha jumuiya ya warithi wa utumwa, yenye shabaha ya kukiri yaliyotendwa na kuunga mkono madai ya haki ya watu wa Karibi.

Wapo wanaosema kwamba picha na maneno havitoshi, na kwamba aliyelipwa pauni 26,309 hajalipa. Hoja hiyo ina uzito, na sisi hatuna mamlaka ya kuwaambia watu wa Barbados waridhike na nini. Wapo pia wanaosema kwamba ya kale yafukiwe, kwa kuwa aliyetenda na aliyetendwa wote wako kaburini. Hoja hii hatuikubali. Jumba bado lipo, na viingilio vinalipwa mlangoni. Urithi hauwezi kuwa hai kwa upande wa faida na kuwa maiti kwa upande wa deni.

Kutokana na habari hizi tunaona mambo matatu yanayowahusu viongozi wetu. La kwanza ni nyaraka. Vitabu vya nyumba ya biashara ya London iliyoanzishwa na Henry Lascelles viliteketea kwa mabomu mwaka 1940, na kama si makaratasi mengine kusalimika Yorkshire, sehemu kubwa ya kisa hiki isingejulikana. Hifadhi yetu ya nyaraka hapo Kilimani ina daftari ambazo mchwa na unyevu hawazionei huruma. Fedha za kuzitunza zisihesabiwe kuwa anasa.

La pili ni majumba yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Wenye Harewood waligundua mapema kwamba jumba kubwa halihifadhiki kwa kusifiwa. Waliuza ardhi, wakaweka wakfu, wakaufungulia umma milango. Njia zetu zaweza kuwa nyingine, lakini ukarabati hausubiri hotuba.

La tatu, nalo ndilo zito, ni masimulizi. Mtembezaji anayemwonyesha mgeni milango ya nakshi ya Mji Mkongwe amweleze pia ni mikarafuu ya nani iliyoilipia milango hiyo, na nani aliyeipanda. Watoto wa skuli waelezwe majina ya masultani, na waelezwe vile vile kwamba kulikuwa na watu ambao majina yao yaliandikwa katika orodha ya mali. Katika Barbados daftari za kuwasajili watumwa zilianza mwaka 1817, na leo wajukuu wanazifungua kutafuta wazee wao. Anayelipata jina la bibi yake hupata kitu ambacho fidia ya mwaka 1834 haikumpa.

Harewood haikuanguka kwa kusema kweli. Dari za Adam ziko pale pale, kabati la Chippendale liko pale pale, na ziwa halijakauka. Kilichobadilika ni kwamba mgeni anapotoka nje na kuitazama fahari ile, sasa anaweza kuambiwa iliundwa na nani. Tunawatakia watu wa visiwa hivi, na wale waliopewa dhamana ya kuviongoza, ujasiri wa namna hiyo hiyo.